Pole ya Ligaya Msibani kwa Togashi

Mzee Togashi alipofariki, Ligaya alitaka kutoa pole kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa ametoka ng'ambo, Iloilo, kuja kuolewa Yamagata, na miaka yote hiyo, kwenye shughuli za watu, mama mkwe wake Bi Fumie ndiye aliyemsemea. Safari hii akasema, "Mama, niachie. Mimi si bubu."

Pole ya msibani kwa Kijapani ni goshuushoo-sama. Aliirudia ghalani mpaka akadhani imemkaa. Lakini mbele ya mjane, Bi Kinu, jasho lilimtoka na ulimi ukateleza. Akainama, akatamka ukumbi mzima ukasikia: "Gochisoo-sama!" Ndivyo mtu anavyoshukuru akishashiba.

Huko nyuma mtu akapaliwa na kicheko, akakigeuza kikohozi. Ligaya alitamani ardhi ipasuke immeze.

Toka hapo akawa mtu wa kutikisa kichwa tu. Dukani alionyesha kwa kidole. Akimwona Bi Kinu kwa mbali, alikata njia kupitia kingo za mashamba ya mpunga. Akina mama wa ushirika wakamtania, "Vipi, Ligaya, umeshiba?" Naye alicheka nao, masikio yakimwaka moto.

Bi Fumie alichoka kutazama. Siku moja wakimenya matunda ya kaki ya kuanika, akamwambia, "Wewe unalikimbiza neno kama unafukuzwa na nyigu. Pa kuvuta, vuta! Go-shu-u-sho-o." Kila pigo akaligonga kwenye bakuli kwa mpini wa kisu. Kisha akamrekodi kwa simu na kumsikilizisha.

Ligaya akaziba uso. "Ndivyo ninavyosema?"

"Ndivyo. Haya, tena."

Wakaendelea hivyo msimu mzima wa kumenya. Kiangazi kilichofuata, siku za kuzikaribisha roho za wafu majumbani, Ligaya alibeba ubani akaenda kwa Bi Kinu peke yake. Akapiga magoti mlangoni. "Nimeleta pole niliyoiharibu," akasema, kisha akaitamka taratibu, kila pigo mahali pake.

"Watu walicheka siku ile," akasema Bi Kinu. "Mimi niliumia. Nilidhani unanidhihaki."

"Nisamehe, mama."

"Basi, nimesikia. Pita ndani, ukawashe ubani wako."

Aibu haikumwisha. Hadi leo Ligaya akiingia msibani hungoja foleni ipungue kwanza. Lakini pole huitoa mwenyewe.