Kalenda Iliyonikatiza Sala kwa Daktari

Wapendwa wanakwaya wenzangu, salamu nyingi katika Bwana. Niwieni radhi, nimechelewa kuandika.

Leo nimeikimbia sala niliyoiongoza mwenyewe!

Daktari wa kwanza alisema usahaulifu wangu ni tatizo la umakini nililozaliwa nalo. Binti yangu hakuamini. "Baba, huo ni uzee. Utahamia kwangu Voi."

Basi leo tumekwenda kwa daktari wa pili, Msambweni, pamoja na dada yangu Wakesho.

Niliomba tuanze kwa sala. (Mazoea ya misheni, mnisamehe.) Kabla ya amina, nikaiona kalenda ukutani imekaa upande. Nikainuka kuinyoosha.

"Mzee," akasema daktari, "hatujamaliza."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Umeona, daktari?" akasema binti yangu. "Uzee!"

Dada akacheka. "Uzee gani? Huyu akiwa na miaka saba alimwacha mchungaji akiomba, akaenda kufukuza kuku!"

Daktari akatuuliza maswali mengi, kisha akafunga faili. "Mwenzangu alisema kweli. Mzee na akae kwake."

Nabaki Ukunda, wapendwa! Nanyi mliwahi kuniona nikitoroka sala? Semeni kweli.

Barua hii ataileta dada Wakesho. Mimi nimekatazwa kuibeba.