Tochi ya Wageni

Kwacha-kwacha-kwacha, pa! Hiyo ndiyo sauti ya kukhu wangu akiwasha tochi. Kwacha-kwacha ni mawe, yaani betri, yakitikiswa ndani ya bati, na pa ni bati likichapwa pajani. Ikikataa kuwaka inachapwa tena, na safari hii inaongezewa maneno ya Kiluhya ambayo mchungaji wetu hajui kama kukhu anayajua. Sauti hiyo imenilea. Niliisikia kupitia ukuta wa udongo jogoo akiwa bado anajifikiria, nikajua kukhu anaenda kukamua, nikageukia upande wa pili na kulala kama mtoto wa tajiri.

Kukhu ndiye nyanya yangu, mama ya baba. Anaishi Navakholo, ndani kidogo ya barabara ya marram, na ng'ombe mmoja, kuku wasiohesabika kwa sababu hawatulii, na ile tochi. Zamani ilikuwa na rangi ya fedha. Kifuniko cha nyuma kililegea akakikaza kwa ukanda wa blada, ule mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mwanga wake ulikuwa kama chai ya matanga siku ya mwisho: rangi iko, majani hakuna.

Jioni moja ya mvua tochi ikazima katikati ya njia ya kutoka zizini. Kukhu akasimama akaichapa, na huku anaichapa, mguu ukatafuta ardhi mahali ambapo maji yalikuwa yameila. Akaingia mtaroni, na ndoo ya maziwa ikamfuata. Hakuvunjika, Mungu ni mwema, ila mkono uliteguka na udongo ukanywa maziwa yote bila kusema asante.

Kesho yake senje akafika. Senje ni dada ya baba, anakaa Amalemba mjini, na alikuja na uso wa hakimu.

"Mama, ukianguka tena mara moja tu, ng'ombe anauzwa na wewe unakuja kwangu."

"Huko Amalemba nitakuwanga nafanya nini?"

"Utakaa. Utaangalia TV."

"Na kuku?"

"Kuku huko ni ya kununua, mama."

Kukhu alinitazama kana kwamba ameambiwa atapelekwa mwezini, na huko mwezini hakuna obusuma, ugali wetu.

Senje si mtu mbaya, tuelewane hapo. Ana moyo kama godoro. Usiku ule alilala chini kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mama yake, mkono mmoja ukiwa juu ya blanketi ili ajue akiamka. Lakini mimi naijua nyumba ya senje. Ina vigae vinavyoteleza kuliko mtaro wowote, na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Mwondolee kukhu ng'ombe, mweke hapo kwenye kochi, na atazima polepole kama yale mawe.

Kwa hivyo nikasimama nikasema shida si kukhu, shida ni tochi. Nipewe mimi hiyo kazi. Watu wote walicheka, na baba mdogo akacheka kuliko wote. Baba mdogo ni kitinda mimba wa kukhu, ana Probox anayobebea ndizi na watu, na anaamini kila kitu chenye vitufe ni cha wanaume.

Mimi ni msusi. Nasuka nywele mjini Kakamega karibu na soko. Shule iliishia kidato cha pili, karo na mimi tulipokosana. Ila kuota ndoto hakuna karo, na ndoto yangu kubwa ni gari. Gari dogo, la buluu. Kuendesha sijui bado, lakini msumari wa kutundikia funguo niko nao tayari. Basi nilipoenda kutafuta tochi nikaamua kutafuta mbili: ya nyumbani kwa kukhu, na ya gari langu.

Ubaya wa tochi ni kwamba watu huinunua mchana. Jua liko utosini, muuzaji anakuwashia, unaibandika kiganjani, unaona damu yako nyekundu, unasema "eeh, inawaka," unalipa. Hata kimulimuli angepita mtihani huo. Mimi nilimwomba muuzaji katoni tupu ya biskuti. Nikaivaa kichwani mpaka mabegani, nikaingiza tochi kwa chini.

"Dada, uko sawa?" akauliza.

"Niko gizani. Nipe ingine."

Mama mmoja aliyekuwa akipita na mboga akasimama. "Huyo anaombewa?"

"Ananunua tochi."

"Shetani ana njia nyingi," akasema, akaenda zake.

Ndani ya katoni niliona mengi. Moja ilikuwa na mwanga mwembamba kama msumari, na giza limeuzunguka. Hiyo itakuonyesha mti wa jirani vizuri sana wakati wewe unaingia shimoni. Kukhu alihitaji mwanga unaotandazwa mbele ya miguu kama mkeka. Nyingine ilikuwa na mwanga wa buluu uliofanya mkono wangu uonekane wa maiti. Nyingine ukiibonyeza mara ya kwanza inawaka, mara ya pili inafifia, mara ya tatu inapepesa kama disko. Ng'ombe wa kukhu ni Mkristo, hiyo nikairudisha. Nikatafuta swichi nene, ambayo mkono wenye mafuta ya kukamulia utaipata bila kuuliza. Zile za kuchaji ni nzuri, lakini stima ya kukhu huondoka na upepo wa kwanza na kurudi ikishamaliza kutembelea ndugu zake. Nikataka ya mawe, na mawe yawe yale yanayouzwa kioski cha pale kwao, si ya kuagizwa.

"Sasa iangushe," nikamwambia muuzaji.

"Niangushe tochi yangu?"

"Kukhu ataiangusha. Afadhali ianze kuzoea."

Akaiangusha juu ya kiatu chake, mjanja yule. Nikaichukua nikaiangusha mwenyewe kwenye lami. Ikaendelea kuwaka. Tukaangaliana na ile tochi, nikajua ndiyo hiyo.

Wakati huo baba mdogo, aliyekuja kunishauri, alikuwa amependa. Alikuwa amekumbatia tochi kubwa kama mtoto wa miezi sita, yenye redio, king'ora, na tundu la kuchaji simu.

"Hii sasa ndiyo tochi," akasema.

"Inamulika?"

"Ina king'ora!"

Ya gari langu niliichagua kwa makini zaidi, kwa sababu gari bado halijazaliwa na linahitaji kuanza vizuri. Nilitaka yenye sumaku kitakoni, uibandike kwenye boneti ibaki ikimulika, mikono yote miwili ifanye kazi. Tena si ya kuacha juu ya dashibodi, maana gari likifungwa juani ni jiko. Tochi ya kwanza ya baba mdogo iliachwa hapo mpaka mawe yakatoa unga mweupe kama yamepatwa na ukoma. Na jiwe moja unaligeuza kichwa chini. Hivyo hata swichi ikigongwa na spana haitawaka yenyewe na kujimaliza.

"Gari yenyewe iko wapi?" baba mdogo akauliza.

"Iko njiani."

"Inakuja na miguu?"

Kukhu aliipokea tochi yake kwa mikono miwili. Akaitemea mate kidogo ya baraka, kama anavyofanyia watoto wachanga. Akaagiza tufunge mlango na madirisha, akaiwasha, na nyumba nzima ikajitokeza. Akaona buibui waliokuwa wakiishi naye kwa miaka bila kujulishana.

"Kumbe nyumba yangu ni chafu hivi!" akasema, karibu alie. "Na hakuna mtu aliniambia!"

Nikarudi mjini nikitembea kama niliyeleta maji ya bomba.

Wiki chache baadaye senje akasema twende tukaone hali. Tukaingia Probox ya baba mdogo. Tulipoacha lami na kuingia marram, tairi la nyuma likapasuka, jua nalo likaamua kwenda kulala. Baba mdogo akatoa ile tochi yake kwa fahari, akabonyeza. King'ora kikalia mpaka mbwa wa boma tatu wakajibu. Akabonyeza tena, mhubiri akaanza kutukemea. Mwanga hakuna. Alikuwa amesikiliza mpira mchana kutwa.

Nikafungua mkoba wangu. Tochi ya gari huwa naibeba humo, kwa sababu gari lenyewe halijafika. Nikaligeuza jiwe likae sawa, nikaibandika kwenye bati la Probox juu ya tairi, tak! Baba mdogo akakaza jeki.

"Gari yako," akasema hatimaye, "iko na tochi nzuri."

Nilifika kwa kukhu kichwa kikiwa juu. Giza lilikuwa limeshaingia. Hata kabla mlango wa gari haujafunguka, nikasikia: kwacha-kwacha-kwacha, pa!

Moyo wangu ukaingia mtaroni.

Kukhu alikuwa anatoka zizini na ndoo, na mkononi ana yule mzee wa blada, tochi yake ya zamani. Taa ya chai ya matanga. Alifika kwenye mtaro akauruka kwa kukumbuka tu, bila kuuona.

"Mulembe!" akatusalimia, furaha tupu.

Senje hakujibu salamu. "Mama, tochi mpya iko wapi?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko salama."

Ilikuwa kabatini sebuleni. Kabati lile lina glasi za maua ambazo sijawahi kuona zikiingia maji, na thamosi ambayo bado ina karatasi ya dukani. Katikati yake, ndani ya nailoni yake, tochi yangu ilikuwa imelala. Kukhu alikuwa ameifunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa sindano.

"Kukhu! Hii nilikununulia wewe!"

"Nzuri kama hii? Hii ni ya wageni."

"Mgeni gani anaenda kukamua ng'ombe?"

"Na mgeni akitaka kwenda choo, nitampatianga nini? Huyu?" Akanyoosha yule mzee. "Ndio aende akisema kwa watu ati kwangu hakuna mwanga?"

Baba mdogo alicheka akalazimika kushika kiti. Lakini sisi sote tumelelewa na kabati kama hilo. Tumekunywa maji kwa vikombe vya plastiki vilivyotafunwa, tukiangalia glasi. Mimi mwenyewe nina viatu vinavyongoja harusi ya mtu ambaye hajachumbiwa.

Senje hakucheka. Aliketi pembeni ya kochi, mkoba magotini.

"Mama, mimi siwezi. Kila jioni simu ikilia naogopa kuishika. Siwezi kungoja uanguke ndio nije. Kesho tunaenda."

Kukhu alichukua kile kitambaa cheupe, akakikunja mara mbili, akakikunjua, akakikunja.

"Basi nitaitumia," akasema polepole.

"Utairudisha kabatini kabla hatujafika lami."

Kukhu akafikiria. Ni mtu mkweli, hilo ndilo tatizo lake.

"Ndio," akasema. "Nitairudisha."

Alfajiri niliamka kabla yake. Nilikuwa nimewaza mpaka usingizi ukanichoka. Kukhu hawezi kutumia kitu kipya. Kitu kipya ni cha watu. Kitu cha zamani ndicho chake. Nikaitoa tochi kabatini, nikaenda nayo jikoni, nikaivua nailoni. Niliisugua kwa jiwe la kunolea panga. Nikaipaka masizi ya sufuria na majivu kidogo, nikaigonga mara mbili kwenye kinu. Nikafungua ukanda wa blada kutoka kwa yule mzee nikaufunga kwenye shingo ya hii. Niliiomba msamaha, maana ilikuwa nzuri kweli. Nikaitundika kwenye msumari wa mlangoni, msumari wa siku zote, nikarudi kujifanya nimelala.

Kukhu akaamka. Nikasikia mkono wake ukipapasa ukuta mpaka kwenye msumari. Hakukuwa na kwacha-kwacha, kwa sababu mawe yalikaa imara. Kulikuwa na pa! peke yake, kwa mazoea. Halafu swichi. Uwanja mzima ukawaka mpaka mwanga ukaingia chini ya mlango.

Nadhani vidole vyake vilikuwa vinasoma blada, mikwaruzo, masizi.

"Mh," akasema. "Nani amezeesha mtoto wa watu hivi?"

Akaenda nayo.

Nilipoinua kichwa, senje alikuwa tayari dirishani, amejifunika blanketi. Tukatazama pamoja. Mwanga ulitandazwa mbele ya kukhu kama mkeka, ukafika mtaroni, ukasimama. Kukhu aliinama akauchungulia, huku na huku, kama mtu anayeonyeshwa adui wa miaka mingi. Akautukana kwa Kiluhya, yale maneno ya kuchapia tochi pajani, akauzunguka. Baada ya muda akarudi njia ileile, ndoo imejaa, hakuna tone lililomwagika.

Senje aliangalia ndoo. Akaangalia mikono yangu yenye masizi mpaka viwikoni. Mkoba wake, uliokuwa mlangoni umefungwa, akausukuma chini ya kiti kwa mguu.

"Hayo maziwa," akasema, "si mtu aweke chai?"

Wote wakaenda jikoni. Nilisikia baba mdogo akieleza jinsi tochi yake ingefanya hiyo kazi vizuri zaidi, na kukhu akimuuliza kama king'ora kinakamua. Mimi nilibaki sebuleni. Nikachukua ile tochi kuukuu, nikatoa mawe yake yaliyokufa, nikaifuta vumbi kwa pindo la leso yangu. Nikaiweka kabatini katikati ya glasi za maua, nikaifunika kitambaa cheupe, na kufunga mlango.