Kwaya tano, siku mbili na kalamu za shemeji

Leo nimegombana na programu yangu asubuhi nzima, kumbe haikuwa na kosa lolote.

Mchungaji aliniomba ratiba ya mazoezi. Kwaya tano, Jumatano na Alhamisi tu, na anayeimba kwaya mbili asiitwe zote siku moja.

Nikajitapa: kazi ndogo hiyo.

Programu ikajibu "hakuna ratiba". Nikaifuta, nikaandika upya. Hakuna ratiba.

(Chai imepoa. Mke wangu kaacha kuniuliza.)

Shemeji yangu Tusekile, mwalimu wa hisabati, alikuwa sebuleni anamenya ndizi. Ndiye niliyembishia siku ile humu humu ukurasani kwamba hisabati yake ya vitone na mistari haimsaidii mwandishi wa programu.

Akachora vitone vitano, kila kimoja kwaya. Kwaya zenye waimbaji wa pamoja akaziunganisha kwa mstari. Likatokea duara.

"Shemeji, nyekundu Jumatano, bluu Alhamisi. Vilivyoungana visifanane. Haya, shika kalamu zangu, paka rangi."

Nyekundu, bluu, nyekundu, bluu. Cha tano kikakaa katikati ya nyekundu na bluu. Nikaanzia kwingine, yale yale.

"Haiwezekani," akasema. "Hata uandike mpaka mpunga uvunwe."

Mchungaji ameitazama ile karatasi, ameguna, ameongeza Ijumaa. Programu ile ile imetoa ratiba papo hapo.

Ndaga fijo, asante sana, shemeji.

Na ninyi mliokuwa upande wangu siku ile, chukueni kalamu mbili mjaribu. Atakayeweza, aweke picha hapa chini. Shemeji naye anasubiri, anacheka tu.