Siku Nilipomkonyezesha Mzee Chitanda

Walisema sitaweza. Mjomba wangu alisema kompyuta ni mashine ya kuchapia barua za kuomba kazi, na kwamba ile niliyorudi nayo Mtama, imefungwa kwenye gunia kama mbuzi wa sadaka, nitaishia kuiuza vipande kwa fundi redio. Wengine walisema mtu mzima mwenye diploma hawezi kula kwa kuchora watu wanaotembea kwenye kioo. Leo nina darasa langu, nina wanafunzi wanaopanda gari kutoka Lindi mjini kunifuata mimi, na mjomba huyohuyo ndiye anayewaambia wageni kwamba akili hizi ni za ukoo wa mama. Lakini kabla hamjanipongeza, ngojeni niwasimulie aibu ya ile Jumamosi, maana nisipoisimulia mimi ataisimulia Komba wa buchani, na Komba huongeza chumvi hata pasipohitaji.

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa, korosho inanunuliwa na kila mwenye gari, na kompyuta za mitumba zimeanza kuingia nchini kama zilivyoingia suruali. Mimi yangu niliipata Dar es Salaam kwa jasho langu, mchana nabeba mizigo Kariakoo, jioni niko darasani, mpaka nikatoka na diploma ambayo hakuna ndugu aliyeichangia hata soda. Nikarudi nyumbani kufungua darasa la kompyuta na kutengeneza magemu (ndiyo, magemu, msicheke). Kilichokosekana ni chumba.

Chumba kilikuwa kimoja tu cha maana, fremu ya Mzee Chitanda pale barabarani, yenye mlango wa chuma na sakafu ya saruji. Mzee Chitanda alikuwa karani wa mzani wa korosho tangu enzi za ushirika, Mmwera mwenye heshima zake, na kila mtu Mtama alijua tabia yake moja: akisoma mzani hufumba jicho la kushoto, anasema jicho moja halidanganyiki. Fremu hiyohiyo Komba naye aliitaka ahamishie bucha. Mzee akatuambia hataki maneno. Komba nyama yake anaijua, mimi kazi yangu haijui, basi niioneshe mbele ya watu Jumamosi mchana, akiielewa, fremu ni yangu, asipoielewa, ni ya Komba.

Nikaamua kumfurahisha. Nikamtia yeye mwenyewe ndani ya gemu.

Gemu lenyewe lilikuwa la ghala la korosho: mchezaji analeta magunia, karani anapima. Sasa mtu wa kwenye gemu hutengenezwa hivi. Kwanza unajenga umbo, kama kinyago cha mpingo ambacho hakijapata uso, kisha unalivisha picha, picha ya shati, picha ya kofia, picha ya uso. Ukitaka macho yapepese huchongi kope, unachora picha kadhaa za uso uleule, moja macho yote wazi, moja jicho la kushoto limefumba, moja yote yamefumba, halafu unaiamuru kompyuta izibadilishe moja baada ya nyingine. Ustadi wote uko kwenye mwendo wa kuzibadilisha. Zikienda pole mtu anasinzia, zikienda mbio mtu kaingiwa na mchanga machoni.

Mimi niliiamuru hivi: kila ukimaliza kuchora skrini, badilisha picha. Basi. Kompyuta yangu kongwe ilikuwa inachora kwa kuchechemea, kwa hiyo Mzee Chitanda wangu alifumba jicho, akasoma mzani, akafumbua, taratibu kama mtu mwenye miaka yake. Chuoni walitufundisha kwamba mwendo wa picha ufungwe kwenye saa ya kompyuta, usifungwe kwenye kasi ya kuchora (somo hilo nililifaulu, tena vizuri), lakini niliona hayo ni mambo ya watu wenye kompyuta nyingi. Mimi nilikuwa nayo moja.

Ijumaa nikakumbuka kwamba skrini yangu ni ndogo, watakaokaa nyuma wataona mgongo wa wenzao tu. Nikaenda Lindi kwa rafiki yangu niliyesoma naye, mwenye duka la steshenari, nikaazima kompyuta yake mpya yenye tundu la kuunganisha televisheni. Televisheni kubwa na viti nikaazima kwa Bi Zainabu, mke wa Mzee Chitanda. Jenereta nikaazima kwa Komba. (Ndiyo, kwa mshindani wangu. Alinipa huku anacheka, akasema anataka nishindwe kwenye mwanga.) Nikanakili gemu, nikaliona limefunguka, nikazima ili nisimalize mafuta. Sikulichezesha. Kulichezesha kwa nini, kazi ya mikono yangu mwenyewe?

Jumamosi fremu ilijaa mpaka mlangoni. Nikamwamkia mzee shikamoo kwa sauti ya kusikika, akaitikia marahaba, akakaa mbele na mkewe, nami nikatoa hotuba. Nilianza na diploma, nikapita Kariakoo, nikataja shida zote nilizozishinda, na nadhani nilikuwa nimefika kwenye mustakabali wa mkoa mzima wakati Komba aliposema, "Diploma, washa, mafuta ni yangu."

Nikawasha. Ghala likatokea, watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee Chitanda akatokea na kofia yake, watu wakapiga makofi, mzee mwenyewe akajiweka sawa kwenye kiti. Kisha akaja mteja wa kwanza na gunia lake, na mteja huyo, kwa bahati niliyojitakia mwenyewe, nilikuwa nimemchora mwanamke, tena nilijitahidi.

Na Mzee Chitanda akaanza kumkonyeza.

Ile kompyuta mpya ilikuwa inachora skrini mbio kuliko yangu mara sijui ngapi, na jicho la kushoto likatii. Si kukonyeza kwa mtu aliyeona haya. Lilikuwa linafumba na kufumbua kama taa ya gari linalokata kona, na yule mwanamke amesimama tu na gunia, hana pa kukimbilia. Vijana wa nyuma waliangukiana. Mimi nikawa naeleza kwamba hiyo ni kasi tu, mabibi na mabwana, ni jambo la kitaalamu, na nani anasikiliza. Bi Zainabu ndiye aliyesema, kwa upole, bila kugeuka, "Kumbe ghalani hii ndiyo kazi iliyokuwa ikifanyika."

Hapo ndipo mwenye busara angezima jenereta. Mimi nilitangaza kwamba narekebisha papo hapo, wote waone mtaalamu anavyofanya kazi. Nikafungua programu, nikaandika kwamba kila picha isiondoke mpaka skrini ichorwe mara nyingi. Mara ngapi? Sikukokotoa, nilibonyeza tisa, na tisa, na tisa nyingine, nikajaza tisa mpaka nafasi ikaisha, nikaliwasha tena lianzie pale liliposimama.

Jicho likatulia. Nikashusha pumzi, nikageukia watu kupokea makofi. Makofi hayakuja. Nikatazama televisheni: ile picha iliyokwama ndiyo ya macho yote mawili yamefumba. Mzee Chitanda ameegemea mzani, kofia imemwinamia, kimya, hapepesi, hafumbui, na kila mtu mle ndani anamtazama yule wa kwenye kioo, kisha anamtazama aliye kitini.

"Unamchuria mume wangu," alisema Bi Zainabu. Safari hii hakukuwa na upole.

Ninyi mnajua uchuro kwetu si mzaha. Kumwonesha mtu mzima maiti yake mwenyewe, mbele ya mkewe, ndani ya nyumba yake, halafu unamwomba chumba! Kelele zote zilikatika. Nilisikia jenereta tu. Diploma yangu yote haikuwa na somo moja la kunitoa pale, na nilijua kwamba fremu imekwenda, na huenda Mtama yenyewe imekwenda.

Ndipo Komba alipoangua kilio.

Komba ni Mngoni, na Mngoni kwa Mmwera ni mtani. Kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kulala njiani jeneza lisipite, na hakuna wa kumkasirikia. Basi alijitupa chini mbele ya televisheni, na aproni yake ya buchani, akajishika kichwa. "Mmwera wangu mimi, umekwenda, umekwenda bila kunikabidhi ufunguo wa fremu." Akainuka, akamvua mzee kofia kichwani, akaivaa yeye, akasema urithi wa mtani hauchelewi.

Watu walikuwa wanamtazama mzee. Mzee akamnyooshea Komba mkono.

"Komba, rudisha kofia yangu."

"Marehemu hasemi."

"Mmwera hafi mbele ya Mngoni. Ataibiwa sanda."

Fremu nzima ilicheka, na Bi Zainabu akafunika mdomo kwa kanga, na ule uchuro ukatoka mlangoni pamoja na vijana waliotoka kwenda kucheka vizuri. Mzee akasimama, akanielekezea fimbo. "Na wewe, Diploma. Nifufue."

Nikasema, mzee wangu, leo haitawezekana. Wakacheka upya.

"Basi Jumamosi ijayo. Fremu simpi mtu leo, maiti hagawi mali."

Wiki ile nilifanya nilichofundishwa. Nikauondoa mwendo wa picha kwenye uchoraji wa skrini, nikaufunga kwenye saa ya kompyuta, ili jicho lihesabu muda kama jicho la mtu, mashine iwe ya mbio, iwe ya kuchechemea. Jumamosi nikaweka kompyuta zote mbili meza moja, kongwe na mpya, bila hotuba. Wazee Chitanda wawili wakafumba jicho pamoja, wakafumbua pamoja. Yule wa tatu akainuka kitini, akasogea, akafumba jicho la kushoto, akazipima hivyo hivyo kama mizani miwili iliyowekewa jiwe moja.

"Zinalingana," akasema, akatoa ufunguo mfukoni. Komba alisema nimempora marehemu.

Jumatatu nikawarudishia wote vyao. Kompyuta ikaenda Lindi kwa mwenyewe. Jenereta ikarudi buchani, tangi limejaa. Mwisho nikapeleka viti na televisheni kwa Bi Zainabu, nimeipangusa mpaka inang'aa, nikamshukuru, nikaaga. Nilikuwa nimeshafika uani, sidaiwi na mtu yeyote Mtama, nikamsikia ananiita.

"Mwanangu, yule mwanamke mwenye gunia ulimchora kwa kumwangalia nani?"

Nikamwambia hakuna, mama, ni wa kubuni tu. Akaniangalia bila kupepesa.

Tangu siku hiyo sioneshi kazi kwenye mashine ambayo sijaijaribia, wala simwingizi mume wa mtu kwenye gemu. Na yule mteja nilimbadilisha jioni ileile. Sasa ni mwanamume, ana ndevu, na amevaa aproni ya buchani.