Mfano Hai

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali ile, shuka halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika pembe mbili huku, mwenzake pembe mbili kule, wanalivuta, wanalikung'uta, kisha wanatembea kuelekeana mpaka mikono inagusana. Hapo katikati, uso kwa uso, ndipo wanawake wa pale walipoambiana mambo yao. Mashine zilinguruma, wa tatu hasikii. Na desturi yao ilikuwa moja: lililosemwa kwenye shuka hukunjwa humo humo.

Twiga alikunja na Wakili miaka kumi na mmoja. Twiga aliitwa hivyo kwa urefu wake. Wakili alikuwa mfupi, na mdomo wake ungeweza kumuuzia samaki maji.

"Mkikunja nyinyi wawili shuka linateremka mlima," msimamizi alizoea kuwatania.

"Afadhali sisi tunateremka," Wakili humjibu. "Wewe uko pale pale tangu uajiriwe."

Wakili ndiye aliyejiunga na chama cha wanawake, akawa anakwenda kila Jumamosi kujifunza kusema mbele za watu. Jumatatu alirudi na masomo yake kwenye meza ya kukunjia.

"Shoga, ukimwambia mkubwa wanawake mia wanaumia, anapiga miayo. Mwambie habari za mmoja. Wanaita mfano hai. Mpe miguu iliyovimba, mpe ndoo mkononi. Hapo mkubwa analia."

"Mkubwa gani wa kulia?"

"Utamwona."

Walilotaka lilikuwa dogo: mwanamke mwenye mimba aondolewe kwenye zamu za mashine nzito ya kukamulia nguo, abaki kukunja tu. Waliomba miaka mingi, wakajibiwa kwamba kazi haina tumbo. Sasa kamati ya hospitali ilikubali kuwasikiliza ukumbini, mbele ya watu, na Wakili ndiye angesema.

Twiga alikuwa na sababu yake ya kulitaka jambo hilo. Miaka sita nyuma mimba yake ilitoka pale pale kwenye mashine, wiki moja baada ya kunyimwa ruhusa ya kuhama, aliyoiomba kwa kisingizio cha mgongo. Mumewe, seremala, hakujua kwamba ilikuwapo. Twiga alikuwa akingoja mwezi wa tatu utimie ndipo amwambie. Ilipotoka, aliona ni ukatili kumpa mtu msiba wa kitu asichowahi kukijua, akanyamaza. Mama mkwe alisema mbele ya wageni, "Mwanangu ameoa kimo, uzazi hakuoa," naye Twiga akaendelea kuosha vyombo. Alimwambia mtu mmoja tu, na alimwambia kwenye shuka.

Wiki ya mkutano, Wakili alimuuliza kwa sauti ya chini, "Na lile lako? Nikilisema bila jina?"

"Lile hapana. Sema ya mgongo, sema ya maji ya moto. Lile hapana."

"Basi, dada. Nimesikia."

Twiga akaridhika, hata akamwalika mumewe. "Njoo umsikie mwenzangu. Utadhani ni redio." Seremala akafunga karakana, akanyoa ndevu, akaketi safu ya tatu kando ya mkewe.

Wakili alianza na mgongo. Akaja kwenye maji ya moto. Mwenyekiti wa kamati akatazama saa. Wakili alimwona, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kuna mwanamke nakunja naye mashuka," alisema. "Ni mrefu, nikimtazama lazima niinue kidevu. Asubuhi moja alikwenda kazini wawili, akarudi mmoja. Na mashine, ndugu zangu, mashine haikusimama hata dakika moja kumpa pole. Miaka sita amelificha hata kwa mumewe, kwa sababu tumefundishwa kuona haya kwa kosa lisilo letu."

Mwenyekiti alivua miwani. Wanawake waligeuka, si kwa ubaya, wakaitazama safu ya tatu. Seremala hakugeuka. Aliendelea kumtazama msemaji, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha.

Ombi lilikubaliwa hapo hapo, lianze Jumatatu. Ukumbi ulijaa vigelegele. Twiga naye alipiga makofi, maana hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Jumapili nzima seremala alikuwa karakana, akiranda ubao uliokwisha kulainika.

Jumatatu Twiga alimkuta binti mmoja mjamzito ameketi kwenye meza ya kukunjia, anacheka. Alifurahi, kweli alifurahi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Wakili alishika pembe zake mbili.

"Hujanisalimia leo."

"Nilikwambia lile hapana."

"Uliniambia," Wakili hakukana. "Lakini ulimwona yule mzee na saa yake. Tulikuwa tunakosa, Twiga. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningesema langu."

"Langu halilizi mtu. Mtazame yule binti, ameketi."

"Ameketi juu yangu."

"Jina lako sikulitaja."

"Kuna twiga wangapi humu ndani?"

Wakili alitazama chini, kisha akasema haraka haraka, "Chama kinataka nikaseme vile vile kwenye mkutano mkubwa mwezi ujao. Wanauliza kama utakubali kukaa jukwaani. Huna haja ya kusema neno."

Twiga aliziachia pembe. Shuka safi likaanguka kwenye sakafu yenye maji. Akaliokota, akalirudisha kwenye nguo chafu, akaenda kuomba apangwe na mtu mwingine.

Alipotoka kazini alipitia karakana. Seremala aliweka randa chini.

"Nimesikia kwa mtu," alisema. "Sasa nataka kusikia kwako."

Twiga aliketi juu ya rundo la mbao. "Asubuhi ile nilikwenda kazini wawili..." akakatiza.

"Hayo nimeyasikia," mumewe alisema, bila hasira.

"Mashine haikusimama..."

Ni maneno ya Wakili tena. Miaka sita jambo hili lilikuwa lake peke yake, na sasa kila alipolishika lilikuwa limekwisha pangwa na kutiwa vituo vya watu kulia. Alitafuta ambacho Wakili hakukisema.

"Nilimaliza kazi," alisema mwishowe. "Nilikwenda chooni, nikajisafisha, nikarudi nikakamua yaliyobaki mpaka saa ya kutoka. Hilo sikumwambia mtu."

"Kwa nini ulirudi?"

"Niliogopa kuulizwa."

Seremala alipangusa vumbi la mbao kwenye mikono.

"Na mimi? Yeye ulimwambia. Mimi uliniogopa?"

Twiga alifungua mdomo. Mumewe akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akangoja.