Ndengu za Shukrani ya Mguu wa Baba

Kila asubuhi, kabla wanafunzi wa chuo kikuu hapa Nchiru hawajaamka vizuri, hoteli yangu hunukia ndengu. Ni harufu ya udongo mkavu ulioonja mvua, na ndani yake kitunguu kinachoanza kushika rangi. Mimi hukaa pale kaunta na kikombe changu cha chai na kuivuta harufu hiyo taratibu. Shule niliiacha darasa la sita, na leo waliosoma mpaka vitabu vikaisha hupanga foleni kwangu wakingoja sahani. Nina hoteli mbili na lori linalobeba viazi vya Kibirichia, na bado sijakutana na mtu aliyekula ndengu tamu kuliko zangu mahali pengine. Lakini ndengu hizo zina kwao, na hadithi yake ni nyinyi wa kwanza kuambiwa yote.

Tulikuwa tunaishi upande wa Githongo, kwenye kahawa. Baba alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti akikata matawi, mguu ukavunjika vibaya, akalala hospitalini mpaka migomba aliyoiacha midogo ikazaa. Mama aliahidi mbele ya akina mama wa kanisa kwamba siku mume wake atakaporudi akitembea, atawalisha wote pale nyumbani. Basi baba akarudi, na fimbo mkononi, na ahadi ikabaki mlangoni ikingoja.

Sasa, mama alikuwa ametoka Mbeere, kule Embu ya chini kwenye jua kali, na nyanya, mama yake baba, hakuwahi kulisahau jambo hilo. Karamu zote za boma letu zilipikwa na nyanya. Yeye ndiye aliyesema moto uwashwe wapi, nani amenye viazi na nani asiguse chumvi. Safari hii mama aliomba apike mwenyewe kwa kuwa ahadi ilikuwa yake. Nyanya alikubali haraka mno. Alisema vizuri, tutaona kama tulioa mke au tulikaribisha mgeni. Hata mimi mtoto nilielewa kwamba karamu ikiharibika, mama hangepewa tena jiko la wageni maisha yake yote.

Mipango ilichukua wiki nzima. Mbuzi alikuwa wa baba. Chapati zingesukumwa na shangazi zangu wawili, wanawake ambao mikono yao ilifanya kazi haraka na midomo haraka zaidi. Mukimo, chakula chenyewe cha heshima, ungekuwa wa ndizi mbichi na viazi, vikichemshwa kila kimoja na sufuria yake kisha vipondwe pamoja. Mjomba Njiru, ndugu yake mama, alifika siku moja kabla na gunia la ndengu begani, kwa sababu kwao mtu haji kwa dada yake mikono mitupu. Nyanya aliliangalia, akashukuru kwa adabu, na akaagiza liwekwe kwenye banda la kuku.

Asubuhi ya karamu mjomba alitumwa shambani kukata ndizi. Alirudi na mikungu mitatu minene, jasho likimtoka, anatabasamu. Akina mama wakamenya huku wakiimba, sufuria ikajazwa, moto ukapigwa. Tulingoja. Viazi viliiva. Ndizi zilikataa. Shangazi mkubwa alichoma moja kwa kisu, akaionja, akaitema.

Msomaji ambaye hakukulia kwenye migomba nimweleze. Kuna ndizi za kupika na kuna ndizi za kungoja ziive. Kwa macho ya mtu wa Mbeere zote ni ndizi. Lakini za kuiva ukizipika mbichi hukaa ngumu, na zikikubali kupondwa hunata kama gundi, na ladha yake ni ya kukausha ulimi. Mjomba alikuwa amekata hizo.

"Njiru," shangazi akamwambia, "kwenu ndizi mnaziona kwenye picha za kalenda tu?"

"Kwetu ndizi hununuliwa sokoni, shemeji," mjomba akajibu. "Na huwa zimeshaiva."

Watu walicheka, lakini mama hakucheka. Nyanya alikuja akasimama mlangoni mwa jiko, akachungulia sufuria, na hakupandisha sauti.

"Mgeni hali maelezo," alisema, kisha akarudi kuketi.

Wageni walikuwa wameanza kuingia. Mama alisimama kidogo akiwa ameshika mwiko. Kisha akaniita na kuniambia nikimbie banda la kuku. Zile ndengu nilizichambua mimi mwenyewe, kiganja kwa kiganja, na siku hiyo hakuna aliyeuma jiwe. Mnaona kazi ya hoteli niliianza mapema. Bahati yetu nyingine ilikuwa mchungaji aliyekuja kuongoza ibada ya shukrani kabla ya chakula. Hakuwahi kuhubiri kwa kifupi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mama akiyafurahia mahubiri marefu. Wakati alipofika "amina" ya mwisho, ndengu zilikuwa zimelainika, zimepondwa ndani ya viazi na kitunguu kilichokaangwa kwa mafuta ya mbuzi. Mukimo wa namna hiyo Githongo ilikuwa haijawahi kuuona.

Sahani zikapelekwa. Wazee wa kanisa waliuangalia, kisha wakamwangalia nyanya, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Nyanya alichukua kidogo kwa ncha ya kijiko, akatafuna, akatafuna tena. Kule kutafuna kulikuwa kurefu kuliko mahubiri.

Hapo baba akamaliza sahani yake. Hakumwita mtoto. Hakumwita shangazi. Alishika fimbo, akainuka, na mbele ya mama yake, mchungaji na wazee wote akatembea akichechemea mpaka jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikanyaga, maana kwetu mwanaume hakuingia kwenye moto wa wanawake. Akanyoosha sahani kwa mama.

"Niongezee."

Mama akamwongezea. Baba alikula papo hapo, amesimama, ameegemea nguzo ya jiko. Uani nikasikia vijiko vikianza, kimoja, viwili, kisha vyote. Baadaye nyanya alituma sahani yake ijazwe, na tangu mwaka huo karamu za boma zilipikwa na mama.

Kwa miaka mingi niliisimulia siku hiyo kama hadithi ya ndengu. Nilipooa ndipo nikajua. Mchungaji alikuwa ameshukuru kwa ajili ya mguu, wazee wakashukuru, nyanya akashukuru. Baba alikuwa bado hajatoa shukrani yake, na mwanaume wa wakati wake hakuwa na maneno ya kumwambia mke wake mbele za watu. Alikuwa na mguu uliopona, na alijua pa kuupeleka. Mimi siku ile nilidhani ana njaa.