Siku Magunia Yalipofanya Kikao

Mama yule alipoingia dukani kwangu Mfaranyaki, hapa Songea, nilijua anatafuta mshereheshaji wa harusi. Kazi yangu ndiyo hiyo mwisho wa wiki: kushika kipaza sauti kwenye harusi na kipaimara, na kuwachekesha wageni chakula kikichelewa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akavuta kigoda akakaa.

"Mwanangu, mimi ni afisa utumishi," akasema, akaitaja kampuni yao inayonunua mahindi kwa wakulima na kuuza mbolea. "Tuna kikao cha mwaka cha wafanyakazi. Mwaka jana watu walilala macho wazi. Mmoja alikoroma kabisa. Nataka mtuchekeshe, wewe na mwenzako. Ila vichekesho vya kwenye simu sivitaki, kila mtu ameshaviona. Nataka vya kwetu."

"Vya kwenu vipi, mama?"

"Njooni mkae ofisini, mtuangalie tunavyoishi, halafu mtutunge."

Miaka yote nimerudia vichekesho vilevile vya mawifi na mashemeji. Leo mtu ananiambia niwatungie watu kichekesho chao wenyewe, kama fundi anavyompima mtu nguo. Nilikubali kabla hajamaliza.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Sharti moja. Meneja msimguse. Ametokea Iringa, na tangu afike hatujamwona akicheka."

Nilikimbia barazani kwa mwenzangu, fundi cherehani ambaye huwa naigiza naye. Huyu bwana anaigiza wateja wake mpaka wanasahau kwamba wamekuja kugomba kwa sababu nguo haijaisha. Nilipomweleza, aliacha sindano ndani ya kitambaa, akasimama. "Dada, twende leo!"

Tulikwenda kesho yake. Tulikaa ghalani na ofisini, tukinyweshwa chai, na kila mtu akawa kitabu. Dereva wa lori alipiga simu akisema, "Nipo Ruhuwiko hapa, naingia sasa hivi."

"Mbona nasikia mbuzi wengi hivyo?" akauliza mama mtunza ghala.

"Mbuzi wa Ruhuwiko, mama."

Aliingia jioni. Kumbe wakati ule alikuwa bado yuko mbali huko Madaba, hata lori hajaliwasha.

Lakini aliyetushika zaidi ni huyo mama mtunza ghala. Alikuwa anaongea na magunia. Anapita katikati ya safu zake, analipiga moja kofi: "Wewe, simama vizuri! Unamwegemea mwenzio kama mlevi!" Fundi alinitazama, nami nikamtazama, tukajua. Magunia yatafanya kikao. Yatawasema wafanyakazi!

Siku hiyohiyo tulimsikia meneja akizungumza na watu wake uani. Mtu mrefu, shati limenyooshwa, uso mkavu. Akasema, "La mwisho, tuwahi kazini." Watu wakaanza kuinuka. "La mwisho kabisa, ripoti." Wakakaa. "Na la mwisho kabla sijamaliza..." Fundi alinifinya mkono hadi nikauma mdomo.

"Tumekatazwa," nikamnong'oneza.

"Najua, dada. Najua." Lakini macho yake yalikuwa yanang'aa, na mimi sikuyapenda.

Siku ya kikao ukumbi wa hoteli ulijaa. Zilisomwa taarifa mbili ndefu, na tayari shingo za waliokaa nyuma zilikuwa zinalegea. Ndipo sisi tukaingia, tumevaa magunia matupu aliyoyatoboa fundi sehemu ya kichwa na mikono, kiunoni tumefunga kamba za katani. Watu waliamka wote kwa pamoja.

"Magunia wenzangu!" nikasema. "Jana nimepigwa kofi tena!"

"Ulifanya nini?"

"Nilimwegemea mwenzangu!"

Ukumbi ulipasuka. Mama mtunza ghala alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Tulipofika kwa dereva, fundi alishika kiatu sikioni kama simu, akalia kama mbuzi, akasema yupo Ruhuwiko. Dereva mwenyewe aliteleza kwenye kiti akaenda chini. Mimi nilikuwa nasikia kicheko kinanipanda mwilini kutoka miguuni. Harusini watu wanacheka, ndiyo, lakini hawachekani hivi, wakinyoosheana vidole, wakishikana mikono, wakisema, "Ni wewe! Ni wewe huyo!"

Tulikuwa tumebakiza kuaga tu. Fundi, aliyekuwa gunia mwenyekiti, akanyoosha shati lisilokuwepo, akakausha uso.

"La mwisho," akasema.

Watu walipiga kelele. Halafu wakakumbuka. Kicheko kilikatika kama umeme unavyokatika, vichwa vyote vikageukia meza ya mbele. Afisa utumishi alifumba macho. Mimi nilitamani gunia lile linimeze.

Meneja alisimama. Alikuja taratibu hadi tulipokuwa, akanyoosha mkono, nikampa kipaza sauti.

"Nina la mwisho," akasema. "La mwisho la kwanza."

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, akacheka. Meneja akaendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mimi ni Mhehe. Babu zangu na babu zenu Wangoni walipigana vita, ndiyo maana tunataniana mpaka leo. Nilipohamishiwa Songea nilisema, nakwenda kwa watani zangu, nitakoma! Nimefika, kila mtu ananiamkia na kupita. Hakuna hata mmoja aliyenitania. Nyumbani nilimwambia mke wangu, watu hawa hawanipendi."

Mama mtunza ghala ndiye aliyeinuka. Alikuwa ameufuta uso, lakini machozi ya kicheko yalikuwa bado yapo.

"Baba, sisi tulidhani bado unakimbia, tangu vita ile!"

"Ninyi ndio mliokimbia!"

"Nani? Rudia!"

Jamani, ukumbi ule! Meneja alicheka hadi akashika meza, kicheko kizito chenye mikwaruzo. Watu walimpigia makofi kama bwana harusi.

Kilichofuata hakikuwa kwenye ratiba. Kijana wa kupakia magunia, ambaye wenzake walisema hajawahi kufungua mdomo kikaoni, aliomba kusema. Alieleza vumbi la mahindi linavyowakaba kifua, akaomba barakoa. Meneja alimjibu palepale kwamba watazipata, na hazikuchelewa. Afisa utumishi aliniambia hivyo baadaye. Wengine wakainuka, mmoja baada ya mwingine, na kikao kikaenda hadi wali ukapoa, na hakuna aliyelala.

Afisa utumishi alitushika mikono mlangoni. "Mlinivunjia sharti," akasema, kisha akatukumbatia pamoja na magunia yetu.

Bodaboda walituita, tukakataa. Miguu yetu ilitaka kutembea. Tuliteremka na barabara ya mjini tukiwa bado tumevaa magunia, wauza ndizi wakitushangilia, na fundi akimwambia kila aliyeuliza kwamba tunatoka kikaoni.